Maneno ya Mama Katika Visanduku vya Jumamosi

Ruring'u, Nyeri
10 Februari 2025

Kwa Munene, mdogo wangu,

Pokea salamu za watu wanaovaa sweta. Huku hatujambo. Anita wangu anasumbuliwa na goti, lakini bado anaimba kwaya, na vijana wote wawili wana kazi. Baridi ya mwezi uliopita iliunguza viazi vyangu vyote. Natumaini nanyi hapo Kagio mmeamka salama, kama mbu wamewaachia damu ya kuamkia. Msalimie Kanana. Msalimie Mama, mwambie ninamkumbuka.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nilipokupigia simu mara ya mwisho ulinikatia katikati ya sentensi, na mimi sijazoea kukatwa. Dereva wa lori la vitunguu amekubali kubeba barua zetu. Mpe majibu yako anapopakia.

Huenda umesikia, kama habari hufika huko, kwamba gazeti letu dogo la Jumamosi limenipa ukurasa mzima. Ni chemshabongo. Nitakueleza polepole. Ni mraba wenye visanduku vyeupe na vyeusi. Msomaji anapewa kidokezo, naye anajaza jibu herufi kwa herufi, mengine kwa mlalo, mengine kwa wima. Yangu si ya majina ya wacheza mpira. Ni ya vyakula vya kale, michezo ya kale, ngoma, vyombo na desturi za watu wetu wa Mlimani. Wakili mmoja hapa mjini huijaza kwa wino, hatumii penseli.

Tatizo ni kwamba maneno yananiishia. Njahi, yale maharagwe meusi, nimeitumia mara nne. Gicandi, kile kibuyu cha kuimbia mafumbo, nimekitumia mpaka mhariri amelalamika. Wewe unaye Mama hapo nyumbani, na kwa miaka yake themanini na tisa hajasahau hata jina la kuku aliyeliwa na mwewe. Muulize walikula nini wakati wa mavuno, wakati wa njaa, wakati wa kuzaa. Muulize watoto walicheza nini. Andika vile anavyosema na usitie lako hata moja. Ulipata D ya Kiswahili, na hata hiyo mwalimu alikuhurumia. Ninajua, kwa sababu mwalimu nilikuwa mimi.

Ni mimi mkubwa wako,
Gatimu


Kagio
27 Februari 2025

Mwalimu Gatimu,

Salamu zako tumezipokea, pamoja na za mbu. Hatujambo. Nyanya zimekuwa nyingi mpaka mbuzi wamezikataa. Kanana anakusalimu, ingawa wewe humkumbuka kwa maneno mawili tu. Mama ni mzima. Anaota jua mbele ya stoo yangu, jua hilohilo unalolidharau, na magoti yake hayalalamiki kama ya mkeo.

Hiyo chemshabongo nimeiona. Mzee wa miaka sitini na sita anachora visanduku kama mtoto wa nasari, halafu anaita wenzake waje waone. Mimi kazi yangu ni kujaza makreti, yako ni kujaza visanduku. Tofauti ni kwamba yangu watu hula.

Hata hivyo Kanana alinunua gazeti akamsomea Mama, maana wao wawili huongea Kiswahili, na siku hizi Mama anamsikiliza huyu mke wangu Mmeru kuliko anavyonisikiliza mimi. Akafika pale ulipoandika, "Chakula cha kale cha viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi, herufi sita." Mama alicheka mpaka akashika kiti.

"Viazi gani? Ati viazi ni ya kale? Hiyo tumeona ikikuja na mzungu! Mukimo ya mama yangu ilikuwa ya ndizi mbichi na njahi. Huyu Gatimu amekula hiyo ndizi kwangu mpaka akaota meno, saa hii anaambia watu viazi. Na alisoma!"

Basi ndiyo hayo. Andika kwenye kisanduku kwamba ulisoma.

Mengine aliyosema ni haya. Mama aliyejifungua alipewa njahi, na uji mchachu wa ucuru ili maziwa yashuke, na wanawake walikuja na vibuyu kutoka kila upande, na mwanamume hakuruhusiwa hata kuchungulia. Wakati wa njaa walipika thabai, yale majani yanayowasha, na aliyelalamika kwamba yanawasha aliambiwa njaa inawasha zaidi. Watoto walicheza kwa kuteleza kilimani juu ya mgomba, wakirudi nyumbani matako yamechanika.

Aliuliza swali moja tu. "Anakuja lini?" Nilimwambia nitakuuliza. Nimekuuliza.

Ni mimi unayemwandikia ukiwa na shida,
Munene


Ruring'u
18 Machi 2025

Munene,

Tumeanza kupata mvua. Anita ameanza dawa mpya ya goti na anakuombea, sijui kwa nini. Mwanangu mkubwa amenunua gari, nimemwambia asilipeleke Kagio lisije likanuka vitunguu.

Nimesahihisha ile ya mukimo katika toleo la tarehe nane. Niliandika kwamba "uchunguzi zaidi" umeonyesha ni ndizi. Usiniulize kwa nini sikutaja jina la Mama, gazeti halina nafasi ya kutaja kila mtu. Wakili alinipigia simu kunipongeza kwa uadilifu. Thabai imekaa vizuri sana kwa wima. Ucuru umelala vizuri kabisa.

Nataka sasa habari za giuthi, ule mchezo wa vishimo na kokoto. Safu zilikuwa mbili au zaidi? Nani alicheza, na mshindi alipata nini? Ungekuwa mtu wa kujishughulisha na jambo lolote lisilooza kwa siku tatu, ungekuwa umeshamuuliza hayo zamani. Umekaa juu ya maktaba, ndugu yangu, na unaitumia kulindia magunia.

Nitakuja nikimaliza chemshabongo ya hamsini. Sasa nipo kwenye ya thelathini na moja. Mwambie Mama hivyo, ataelewa. Yeye ndiye aliyetufundisha kumaliza kazi.

Nabaki mwalimu wako, kwa bahati mbaya,
Gatimu


Kagio
9 Aprili 2025

Mwalimu,

Hatujambo. Mvua imetufikia pia na barabara ya sokoni ni tope tupu. Kanana amepanda mboga ya sukuma nyuma ya choo na imekubali. Mama alikuwa na kikohozi, kikaisha.

Nilimwambia habari ya hamsini. Akamuuliza Kanana thelathini na moja kutoa kwa hamsini ni ngapi. Kanana akamwambia kumi na tisa, na kila moja ni wiki nzima. Mama akasema, "Basi ngoja nisife." Alisema kwa kucheka, lakini mimi sikucheka.

Giuthi ni hivi. Safu ni mbili. "Hiyo ilikuwa ya wavulana wa mbuzi. Sisi tulikuwa na kuni. Baba yenu alicheza mpaka mbuzi zikamaliza viazi vitamu vya jirani, akachapwa, na kesho akarudi kwa vishimo vyake. Mshindi hakupewa kitu. Alipewa kelele." Hayo ndiyo maneno yake, weka kwenye mraba wako. Aliongeza nikuambie uache kumuuliza mambo kwa karatasi, kwamba yeye si ofisi ya chifu.

Sasa nami niko na kidokezo changu. Mama alikaa kwako wiki tano, miaka mitatu iliyopita, katika ile nyumba ya mawe yenye vyumba vitano. Siku moja nikamkuta amefika hapa Kagio peke yake, na begi lake na ile blanketi ya kijani, na nilipomuuliza akasema ni baridi. Huyu ni mwanamke aliyezaliwa Kiandongoro, ambako maji huganda kwenye ndoo. Baridi ya Ruring'u ni kitu gani kwake? Tangu siku hiyo hujakanyaga hapa. Jaza hicho kisanduku, Mwalimu. Sijui ni herufi ngapi.

Munene, wa makreti


Ruring'u
29 Aprili 2025

Munene,

Hatujambo. Kwaya ya Anita ilishika nafasi ya pili. Viazi nimepanda upya.

Kuhusu zile wiki tano sina la kusema, hasa kwa mtu anayedhani kila jambo ni la kupigiwa kelele kama mnada wa nyanya. Asiyejua maana haambiwi maana.

Jumamosi zijazo ninashughulikia vinywaji. Nataka muratina, pombe ile ya kale, na nataka hatua zote: miwa, vibuyu, lile tunda lililokaushwa, muda wake, na nani alifanya nini. Ni habari ya kushikilia chemshabongo tatu nzima. Mimi nilikuwa mtoto na nakumbuka vipande tu. Wewe hukumbuki chochote, ulikuwa unanyonya. Muulize Mama taratibu, akishakula, na uandike neno kwa neno.

Gatimu


Ruring'u
10 Juni 2025

Munene,

Hapa sote wazima. Wiki sita zimepita. Dereva ananiambia amekuona kwa macho yake ukipakia vitunguu, kwa hiyo hujafa. Ananiambia pia kwamba ukiulizwa kuhusu barua unageuka kama ng'ombe anayeonyeshwa kamba.

Imebidi nijaze chemshabongo mbili kwa majina ya milima na mito. Wakili hakupiga simu. Mhariri ameniuliza kama nimechoka. Kama umeninunia kwa ajili ya ule ukweli kuhusu D, ilikuwa D, na hakuna namna nyingine ya kuitamka. Lakini usimzuie Mama kuzungumza nami kwa sababu ya kinyongo chako. Wewe ni kitinda mimba, umezoea kudekezwa, na kila ukikosa kubembelezwa unabana mdomo. Wewe ni mbumbumbu, Munene, ulikuwa mbumbumbu ukiwa na miaka saba, na nyanya hazijakuongezea kitu.

Naomba jibu. Jambo dogo kama pombe ya miwa haliwezi kumshinda mtu mwenye ulimi, na mwenye mama.

Gatimu


Kagio
24 Juni 2025

Kaka Gatimu,

Salamu nyingi sana kutoka kwetu. Natumaini goti la shemeji Anita linaendelea vizuri. Sisi tuko salama. Kanana anakusalimu sana. Mama yuko, anakusalimu. Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na kazi nyingi.

Kuhusu muratina, Mama anasema alikuwa akitengeneza yeye mwenyewe. Aliponda miwa kwenye kinu, akakamua, akachanganya na maji kwenye kibuyu kikubwa, akatia tunda, akaweka karibu na moto. Alikuwa anaonja kila asubuhi kujua kama imeiva. Baba akirudi jioni anaikuta tayari na wageni wake. Anasema ilikuwa tamu sana na alisifiwa kijiji kizima.

Nafikiri hayo yatatosha chemshabongo tatu. Ukitaka mengine uliza. Uliza mengi, na uandike barua ndefu kama zile za mwanzo, zenye habari zote za huko, hata za viazi. Kanana humsomea Mama zote. Usiache kuandika, kaka.

Wako mdogo,
Munene


Ruring'u
8 Julai 2025

Munene,

Sina salamu leo.

Nimeisoma barua yako mara tano na kila mara inanuka. Kwanza, hukunitukana. Umeniita kaka. Tangu azaliwe mtu anayeitwa Munene hajawahi kuniita kaka ila akiwa amevunja kitu.

Pili, hiyo muratina. Sikiliza, kwa sababu hukuwepo. Ulikuwa na miaka mitatu Baba alipookoka, akaanza kusimama mikutanoni kushuhudia, akavitoa vibuyu vyote vya pombe nje na kuvivunja kwa shoka mbele ya watu wa kanisa. Wewe ulilia kwa sababu ya kelele. Kwa hiyo hujawahi kuona pombe ikitengenezwa nyumbani kwetu hata siku moja, na ndiyo maana umeandika upuuzi huu bila haya. Mama hakutengeneza pombe. Mama aliponda miwa, yeye na shangazi zetu, mikono ikivimba. Wakishaponda, waliondoka. Kuchanganya, kutia tunda, kukaa na kibuyu, kuonja, hiyo ilikuwa kazi ya Baba na wazee wenzake. Hakuna mwanamke aliyegusa kile kibuyu. Aliyepita karibu akiwa na mzaha alifukuzwa. Mama alilichukia jambo hilo maisha yake yote. Alikuwa akisema, "Miwa ni yetu, sifa ni yao." Nimelisikia mara mia. Leo aniambie kwamba alikuwa akionja kila asubuhi na kijiji kikamsifu?

Njia ya mwongo ni fupi, na yako haikufika hata kwenye geti. Maneno hayo si ya Mama. Umeyatunga wewe, kama insha ya darasa la nne.

Kwa nini unatunga maneno ya Mama? Mama yuko wapi?

Simu yangu nimeiweka mezani, imechajiwa. Piga saa yoyote. Sitaongea sentensi ndefu.

Gatimu


Kagio
15 Julai 2025

Gatimu,

Simu nimeishika mara tatu, na mara zote tatu niliirudisha mfukoni. Naandika.

Mama alianguka tarehe tano Mei, asubuhi, akienda kuota jua. Ni kiharusi. Tulimpeleka hospitali, akakaa siku kumi na mbili, wakatuambia tumrudishe nyumbani. Mkono wa kulia haufanyi kazi. Haongei. Si kwamba anaongea kidogo, haongei kabisa. Maneno yote unayoyataka yamo ndani na hakuna linalotoka. Kanana anamlisha, anamgeuza, anamwosha. Huyo Mmeru ambaye humtaji.

Sasa niulize kwa nini sikukuambia. Sikukuambia kwa sababu ninakujua. Ungekuja na gari la mwanao na barua ya daktari wako wa Nyeri, ungesema wewe ndiye mkubwa, ungembeba ukampeleka kwenye ile nyumba aliyoikimbia, na yeye hana mdomo wa kukataa. Nilikaa usiku na mchana nikiwaza hilo. Afadhali uniite mwongo kuliko nikuone ukimpakia Mama.

Na kuna sababu nyingine, na hii nakuandikia meno yakiuma. Akiwa hospitali alikuwa anaangalia ukuta tu. Alipofika nyumbani Kanana akakosa la kufanya, akachukua barua zako, zile za mwanzo, akamsomea. Akageuza kichwa. Ndugu yangu, tulikuwa tumeimba, tumeomba, nimeleta mchungaji kutoka Kerugoya, na hakugeuza kichwa kwa yeyote. Akageuka kwa barua za mtu anayetuita wanuka vitunguu. Tangu hapo Kanana anazisoma kila siku. Zimekwisha kulainika kama noti kuukuu. Ile ya Juni hatujamsomea, ina matusi mabaya. Nilikuwa nahitaji nyingine. Ndiyo maana nikatunga majibu, ili uendelee kuuliza. Nilijaribu kuwaza Mama angesema nini, nikagundua mimi sijui. Nimekaa naye miaka mitatu na sikumuuliza kitu. Kwa hilo tu ulikuwa na haki ya kunidharau, na ulikuwa hujui.

Hatujui ana muda gani. Daktari alisema miezi, halafu akaangalia viatu vyake.

Unaweza kuja. Lakini ukija na gari la kumchukua nitalala chini ya magurudumu, na mimi ni mnene, utachelewa.

Jumatano ijayo naenda Doldol kununua mbuzi, narudi Jumapili. Siwezi kuahirisha, nimeshaahidi watu. Kanana atakuwepo.

Munene


Kagio, kwenye meza yako
26 Julai 2025

Munene,

Nimekuja juzi, Alhamisi, bila gari. Nilishuka barabarani nikatembea. Kanana alinifungulia akiwa na ufagio mkononi, na nilimwona akifikiria kama atautumia. Nitampa dereva wa vitunguu barua hii akuachie sokoni kesho ukifika, maana nataka uisome kabla hujaingia nyumbani kwako na kunikuta, usije ukaanza kupiga kelele Mama akasikia.

Nilikuja na kalamu mbili na daftari. Usicheke. Ndiyo mazoea. Nilikaa naye Alhamisi yote, daftari likiwa magotini, na sikuandika hata herufi moja. Aliniangalia mara moja, kisha akaangalia ukuta. Nilijaribu kumpa uji akafunga mdomo. Kanana alichukua kijiko kilekile, uji uleule, na Mama akafungua. Nikaenda nje nikasimama kwenye makreti yako nikalia, na jirani yako Gicheru, yule wa duka la mbolea, akaja kuniuliza kama ninauza.

Ulitaka nijaze kisanduku. Basi soma, kwa sababu sitaweza kukuambia kwa mdomo. Jumapili moja katika zile wiki tano tulikuwa na wageni: mhariri wa gazeti, yule wakili, na wake zao. Mama aliketi nasi. Akaanza kula mukimo kwa mkono, na huku akiwasimulia juu ya thabai, na juu ya watoto walioteleza kwenye mgomba matako wazi. Mke wa wakili alitabasamu kwa upande mmoja. Nikainama nikamwambia Mama, kwa sauti ya chini lakini wote walisikia, "Mama, mambo hayo ya kale si ya mezani. Nenda ukamalizie jikoni." Alichukua sahani yake akaenda. Kesho yake alikuwa ameondoka.

Miaka miwili baadaye mhariri huyohuyo akaniambia, yule mama yako alikuwa na maneno mazuri, kwa nini usiyafanyie chemshabongo. Nikafanya. Mambo niliyomfukuzia mezani nimeyapanga kwenye visanduku, na wakili anayajaza kwa wino, na mimi ninapongezwa. Unaniita mzee anayechora kama mtoto wa nasari. Mtoto wa nasari hamfukuzi mama yake. Najidharau, Munene. Nimekudharau wewe miaka yote hii kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi.

Hayo yote nilimwambia yeye jana asubuhi, kwa Kikuyu, nikiwa nimeshika ule mkono wake wa kulia usiosikia. Sijui alisikia nini. Alilala.

Leo baada ya chakula Kanana alinipa barua zangu, akaniambia, "Soma wewe. Mimi nimechoka kuwa sauti yako, hata hatufanani." Nikamsomea Mama ile ya Februari, akageuka kama ulivyosema. Nikamsomea ya Machi. Nikaendelea tu bila kufikiri, nikaingia kwenye ile ya Juni, na nilipofika pale nilipokuita mbumbumbu, Mama aliinua mkono wa kushoto akanipiga kofi. Lilikuwa kofi dhaifu, liliniangukia kidevuni, lakini lilikuwa kofi, na lilikuja mahali pake kabisa. Kanana aliangusha sufuria.

Nilikuwa na barua zako kwenye mfuko wa koti, nikachukua ile ya Februari nikamsomea yale uliyoandika wewe, kwamba mzee anachora visanduku kama mtoto wa nasari, na tofauti ni kwamba yangu watu hula. Akacheka, Munene. Hakuna sauti inayotoka, ni mabega tu na upande mmoja wa uso, lakini ni kicheko chake, na alikuwa ananiangalia mimi machoni.

Nimemsomea pale mahali mara tatu. Anacheka kila mara.

Gatimu